Jamani, Kompyuta Imenyamaza!

Weka chini ulichoshika, rafiki yangu, hili halisubiri. Kucha zangu bado zina pesti ya kijivu, bisibisi iko juu ya kibodi, kifuniko cha kasha kimeegemezwa ukutani, na mimi nimekaa hapa nacheka peke yangu. Nimebadilisha feni ya prosesa. Feni tu! Si kadi ya picha, si skrini mpya, si kile kiti cha wacheza gemu chenye mabawa. Feni ya prosesa, kitu kinachofungwa siku ya kwanza kikasahaulika mpaka siku kompyuta inapouzwa, ndicho kinachonifanya leo niandike kwa pupa hivi mpaka herufi zinagongana. Ni tamu, ni nzuri, ni tulivu, ni rahisi, na bado! Hujaisikia. Au niseme hutaisikia, maana hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Ngoja nivute pumzi nikupange vizuri. Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600 ya AMD, ile iliyotoka Aprili 2022 na ambayo wenye mifuko ya kawaida kama mimi na wewe bado tunaiulizia madukani. Ukinunua ya boksi unapewa na feni humo humo, inaitwa Wraith Stealth: kiduara cha alumini, kifupi, chepesi, pesti imeshapakwa chini kwa unadhifu kabisa. Hiyo ndiyo feni ya boksi. Na sitaki uidharau, maana wanaokumbuka feni za AMD za kabla ya Wraith kuanza kutoka mwaka 2016, zile zilizokuwa zikipiga mluzi mpaka chumba cha pili, watakuambia Stealth ni neema tupu. Upande wa pili ndiye huyu mgeni wangu: Assassin X 120 ya Thermalright, mnara mmoja, feni moja, mirija minne ya shaba, na bei ambayo huko Marekani huzunguka kwenye dola 20. Dola ishirini, jamani! Weka juu yake usafirishaji na faida ya mwenye duka, halafu bado unabaki kwenye hela ambayo mtu anaimaliza kwa chipsi kuku za wikiendi moja akiwa na wageni.

Nianze na mkono, maana mkono ndio ulioanza kushangaa. Unafungua boksi, unautoa mnara, na kitu cha kwanza ni uzito. Si mzito wa kukuchosha, hapana, ni uzito ule wa chuma cha kweli, uzito unaojibu. Ile feni ya boksi ukiishika unaona umeshika kifuniko cha kitu. Hii ukiishika unajua umeshika kitu chenyewe. Halafu mapezi! Mabati membamba, membamba mno, yamepangana safu juu ya safu, yameachiana nafasi ya kupitisha pumzi tu. Nikapitisha ukucha kutoka juu mpaka chini: trrrrrrr. Nikarudia. Trrrrrrr! Mama akauliza kutoka sebuleni kuna nini huko. Taratibu lakini, kingo zake ni kali, zinaweza kukuchana kidole bila wewe kujua, na pezi likishapinda halirudi vizuri. Na feni yake, mwenzangu, inajaza kiganja changu kizima na vidole vinabaki kuning'inia nje. Ukiipuliza kwa mdomo inazunguka, inazunguka, inazunguka tu, haina haraka ya kusimama, haikwaruzi, hailalamiki. Nilikaa naipuliza kwa muda wa aibu.

Sasa sikia hapa, hapa ndipo moyo unapodunda. Kutoa feni ya zamani. Prosesa za AMD za soketi hii ya AM4 zina vijipini chini yake, vingi, vyembamba, na soketi inavibana kwa mkono mwepesi. Pesti ikishakaa muda mrefu inakauka na kushika. Mtu akivuta feni kwa pupa, feni inatoka na prosesa imening'inia chini yake, imeng'olewa mzima mzima, na pini moja ikipinda hapo sherehe imekwisha. Visa hivi vimejaa kila mahali wanapokutana mafundi. Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Washa kompyuta kwanza, ipe kazi kidogo ipate moto, izime, chomoa waya ukutani, legeza skrubu nne kwa kwenda kona kwa kona, kisha usivute! Zungusha. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto, kulia, na unaisikia pesti inaachia chini ya mkono wako, inateleza, inakubali... halafu feni inakuja juu yenyewe na prosesa imebaki mahali pake, salama salmini. Raha ya hapo siwezi kuieleza. Nilipiga kelele.

Kusafisha ni spiriti na kitambaa laini, unafuta mpaka maandishi ya prosesa yanasomeka na uso wake unang'aa. Kisha pesti mpya, kiasi cha punje ya kunde, katikati, basi. Usiipake kwa kijiko, haya si maandazi! Kazi yake ni kuziba vile vinafasi vidogo vidogo visivyoonekana kati ya chuma na chuma, maana hewa ikikaa hapo inazuia joto; ukiweka nyingi inafurika pembeni na unaanza kufuta upya. Na tafadhali, nakusihi kama ndugu, pindua mnara uangalie chini. Ukikuta karatasi ya plastiki imebandikwa, ibandue. Usicheke. Watu wengi, wenye akili zao timamu, wameifunga pamoja na plastiki na wakashinda wiki wakiulizana mbona prosesa inaungua.

Kufunga nako ni starehe. Ile plastiki nyeusi iliyokuja na madabodi ilishatoka siku ya kufunga Stealth, kile kibamba cha chuma cha nyuma kinabaki, vyuma vya mnara vinakaa juu yake, na mnara unashuka taratibu mpaka unahisi pesti inalala. Skrubu mbili zenye springi. Unakaza huku mizunguko miwili, unahamia kule mizunguko miwili, huku, kule, mpaka zinagoma zenyewe. Ukiushika mnara na kuutikisa, kompyuta nzima inatikisika nao, yaani umekuwa mwili mmoja. Mwisho feni inabanwa kwa waya mbili za chuma, unazivuta, unazinasisha kwenye mapezi: klak, klak. Angalia mshale wa hewa uelekee nyuma ya kasha, ambako feni ya kutolea hewa inasubiri kupokea. Chomeka waya kwenye pini nne zilizoandikwa CPU_FAN. Umemaliza. Umemaliza kweli! Nilitegemea vita nikakuta ngoma.

Nikawasha.

Sikusikia kitu. Nikadhani haijawaka. Nikachungulia, feni inazunguka, taa ya madabodi inawaka, skrini inaonyesha nembo, na bado sikusikia kitu! Nikaleta sikio mpaka kwenye mapezi, hapo ndipo nikausikia upepo, mwembamba, wa chini chini, wa adabu. Nikaanza kusikia mambo mengine ambayo sikujua chumba hiki kinayo. Saa ya ukutani. Redio ya jirani. Diski yangu ya zamani inayogugumia peke yake, masikini, kumbe siku zote alikuwa anaongea.

Lazima ujue nilikotoka ndipo uelewe wazimu huu. Ile feni ya boksi shida yake si kelele peke yake, ni tabia. Chuma chake ni kidogo, kwa hiyo joto likija kidogo tu limeshajaa, na feni inaamka. Unafungua ukurasa mmoja wa intaneti, vuuuu! Unaufunga, inashuka. Unafungua picha, vuuuu! Inapanda, inashuka, inapanda, siku nzima, mpaka unaanza kuisubiri ipande ndipo uendelee na sentensi. Na ukiipa kazi nzito, mimi huhariri video za harusi za rafiki zangu, ukibonyeza kutoa video ya send-off ya saa tatu yenye wimbo wa kuingilia, ya keki, ya ndafu na ya mashangazi wote, inalia mithili ya bajaji iliyopakia watu wanne kwenye mlima wa Kimara. Kelele ya kudumu masikio huizoea. Hii ya kupanda na kushuka haizoeleki abadani. Mnara una chuma kingi na eneo kubwa, joto likipanda ghafla unalimeza kwanza, feni haina sababu ya kushtuka. Basi nikaipa ile ile video. Nikafungua HWiNFO nitazame nyuzi joto, na namba ambayo zamani ilikuwa ikipapasa 90 ikapanda ikafika 70 na ushee, ikatulia hapo. Ikatulia! Nikaweka mkono nyuma ya kasha. Upepo vuguvugu, laini, unatoka mfululizo. Nikausikiliza tena. Ni mvumo tu, sauti moja, haipandi, haishuki, na mama sebuleni amelala na mlango uko wazi!

Na hujasikia kinachoendelea ndani ya ile mirija. Hii ndiyo iliyonifanya niinuke kwenye kiti nizunguke chumba. Mle ndani kuna maji, kidogo sana, na hewa imenyonywa ikatolewa kabla mrija haujazibwa, kwa hiyo maji hayo hayangoji nyuzi 100 ndipo yachemke, yanageuka mvuke kwa joto dogo tu. Chini, penye prosesa, yanakuwa mvuke. Mvuke unakimbilia juu kwenye mapezi. Feni inaupoza, unarudi kuwa maji. Maji yananyonywa na utambi uliotandazwa kwenye kuta za ndani, yanarudi chini, yanachemka tena. Hakuna pampu, hakuna mota, hakuna cha kuharibika mle, na inazunguka hivyo bila kupumzika kila ukiwasha kompyuta! George Grover wa maabara ya Los Alamos huko Marekani ndiye aliyeitengeneza na kuijaribu mwaka 1963, na baadaye mirija ya aina hii ikapanda angani kupoza vifaa vya satelaiti. Satelaiti! Na leo imo chini ya meza yangu Tabata, karibu na ndoo ya maji.

Sasa nikupe sababu ambayo wanaoandika huko Ulaya na Marekani hawana haja ya kuisema. Feni ya hewa, iwe ya boksi, iwe ya dola mia, haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa unayovuta. Wao wengi wanapima kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Wewe uko Dar msimu wa kaskazi, au Mombasa, au Tanga, kiyoyozi huna au unacho ila unaiangalia LUKU kwa jicho la huruma, chumba kina nyuzi 31 saa nne usiku. Zile nyuzi 10 za ziada zinahamia karibu zote kwenye prosesa. Kwa hiyo feni ya boksi ambayo kwa mtu wa Stockholm inatosha na kubaki, kwako imeshagusa dari, na prosesa ikigusa dari inajipunguza mwendo ili isiungue. Nikisoma mtu kasema feni ya boksi inatosha, siku hizi nauliza kwanza: inatosha wapi, na madirisha yako wazi au yamefungwa?

Ila usije ukanirushia kiatu. Kompyuta haitakuwa na kasi ya ajabu. Gemu zangu zilivyokuwa zinakwenda ndivyo zinavyokwenda, tofauti ni ya kutafuta kwa tochi. Prosesa ikiwa baridi inajiruhusu kupanda mwendo kidogo, kidogo tu. Ambaye mashine yake ni ya barua, ya hesabu za duka na ya kutazama tamthilia, abaki na feni yake ya boksi kwa amani, hela akaongeze ramu. Tena kama kinachokukera ni kule kupanda na kushuka peke yake, ingia kwenye bayosi uilegeze feni isiwe inashtukia kila kitu. Ni bure, ni dakika chache, na kwa wengine dawa imepatikana hapo hapo. Na Stealth ina jambo moja zuri la kwake: inapuliza kuelekea chini, kwa hiyo vile vifaa vya umeme vilivyoizunguka prosesa navyo vinapata upepo, wakati mnara unapitisha hewa juu yao kwa kando. Kasha lako likiwa halina feni hata moja ya kuingiza wala kutoa hewa, mnara utakuwa unazungusha joto lile lile. Anza na kasha.

Lakini wewe mwenye kuhariri, wewe mwenye kucheza gemu usiku na mtoto amelala chumba hicho hicho, wewe unayerekodi sauti na kila ukisikiliza unasikia vuuuu nyuma ya maneno yako, wee, unangoja nini! Na si lazima iwe hii yangu. Hyper 212 ya Cooler Master, AK400 ya Deepcool, SE-214-XT ya ID-Cooling, zote ni minara ya ukoo mmoja, na kwa prosesa ya kiasi kama yangu tofauti zao ni ndogo mno. Chukua iliyopo dukani kwa bei nzuri. Ile Peerless Assassin yenye minara miwili ni nzuri ajabu, ni nzuri ya kutisha, lakini kwa 5600 ni kukodi lori kubeba begi. Iache mpaka uwe na prosesa ya kuistahili, hasa zile za Intel zenye herufi K, ambazo tangu 2015 zinakuja bila feni kwenye boksi, au zile Ryzen 7000 zenye X za 2022, ambazo nazo boksi lake halina kitu.

Ukienda Kariakoo nenda na rula. Pima ndani ya kasha kutoka uso wa madabodi mpaka kwenye ubavu wa kioo, kwa sababu minara hii ni mirefu kuliko inavyoonekana kwenye picha na makasha membamba hayafungiki tena. Angalia kama ramu zako ni ndefu, zisije zikagombana na feni. Na muuzaji akikuletea mnara usio na jina wala boksi la maana, una mataa ya rangi saba unameremeta mpaka barabarani, pindua tundu la waya utazame. Matundu manne, sawa, madabodi inaweza kuiongoza kasi yake kama inavyotakiwa. Ukikuta plagi ni ya kuchomeka moja kwa moja kwenye pawa saplai, rudisha, itakuvumia kwa kasi moja usiku na mchana na mataa yake yote.

Vumbi nalo! Mapezi mazuri haya ni mtego wa vumbi, na sisi wa barabara za vumbi na upepo wa chumvi tunalijua. Brashi laini ya rangi, unafagia taratibu, ukitumia blowa ishike feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kazi nyepesi, tena unapata kisingizio cha kufungua kasha uutazame mnara wako. Mimi nimeshafungua. Sikuwa na sababu.

Sasa niache niende, mdogo wangu keshapiga simu, ana Intel ya kizazi cha 12 yenye ile feni ya vipini vinne vya plastiki. Walibadilisha sura yake Januari 2022, wakaiita Laminar, nzuri ya kutazama, na vipini viko pale pale! Unabonyeza kimoja, kinaitika. Unabonyeza cha kona ya pili, cha kwanza kinaruka. Kwake ni kazi zaidi, maana mnara unakuja na kibamba chake cha nyuma na kwenye kasha lake lile dogo itabidi tuitoe madabodi nzima, waya zote, kadi yote, kila kitu mezani. Anauliza kama saa moja inatosha. Nimemwambia apike chai birika zima na atandike shuka kuukuu mezani, pesti nakuja nayo.